Hesabu ya Ndimi na Siri ya Nyoyo

Miongoni mwa mambo yanayojadiliwa sana katika nchi za Magharibi wakati huu ni tofauti kubwa iliyodhihiri baina ya wazee na vijana katika namna wanavyojitaja kuhusu mvuto wa kijinsia. Shirika la Gallup la Marekani, ambalo kazi yake ni kuwauliza watu maoni na kuyahesabu majibu yao, liliwahoji kwa simu watu wazima zaidi ya 14,000 katika mwaka 2024. Miongoni mwa waliozaliwa kabla ya mwaka 1946, ni asilimia 1.8 tu waliojitaja kuwa wapenda jinsia yao, au wavutwao na jinsia zote mbili, au wa makundi mengine yanayohesabiwa pamoja na hayo. Kwa waliozaliwa baina ya mwaka 1946 na 1964 hesabu ilikuwa asilimia 3.0, baina ya 1965 na 1980, asilimia 5.1, baina ya 1981 na 1996, asilimia 14.2, na kwa vijana waliozaliwa baina ya 1997 na 2006, asilimia 23.1. Kwa babu ni mmoja katika hamsini na kitu. Kwa mjukuu ni karibu mmoja katika kila wanne.

Hesabu hii imezusha makelele ya namna mbili. Wako wasemao: Tazameni jinsi maadili yanavyoporomoka, wazee walikuwa safi, na vijana wameharibika. Na wako wasemao: Tazameni, watu hawa walikuwapo tangu zamani, wakafichwa kwa nguvu, sasa wamejitokeza, na wingi wao ni dalili kwamba walio kinyume chao walikosea siku zote. Makundi haya mawili yanagombana kwa ukali, lakini yamekubaliana katika jambo moja bila ya kujua: kila moja linaamini kwamba hesabu hiyo ni shahidi wake.

Ndugu msomaji, kila mahakama hujua kwamba shahidi hupokewa kwa yale aliyoyaona tu. Akiongeza neno moja juu ya alichokiona, ushahidi wake huingia ila. Basi yafaa tumsimamishe shahidi huyu mbele yetu na kumwuliza kwa utulivu: Wewe umeona nini hasa? Na je, mtu mwadilifu ana haki ya kujenga nini juu ya neno lako?

Kinachohesabiwa ni nini?

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba hapana mhesabuji aliyepata kuhesabu nyoyo za watu. Kinachohesabiwa ni majibu. Mtu huulizwa swali na mgeni asiyemjua, naye hutoa jibu. Jibu hilo ndilo linaloandikwa. Baina ya yaliyomo moyoni na yale yatokayo ulimini pana safari ndefu, na njiani humo mna hofu, haya, uzoefu, na uchache wa maneno.

Wataalamu wenyewe wamelijua jambo hili kwa muda mrefu. Katika mwaka 1992 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, wakiwa pamoja na Edward Laumann, waliwahoji Wamarekani 3,432, na kitabu chao kikatoka mwaka 1994. Hawakuridhika na swali moja, bali waliyatenga mambo matatu: mvuto ambao mtu anausikia, tendo ambalo amelitenda, na jina ambalo anajiita. Ilionekana kwamba asilimia 7.5 ya wanawake walikiri kuwa na mvuto wa namna fulani kwa wanawake wenzao, lakini waliojitwalia jina walikuwa asilimia 1.4 tu. Kwa wanaume, waliokiri mvuto walikuwa asilimia 7.7, na waliojitwalia jina asilimia 2.8.

Hebu mtu azingatie sana maana ya tarakimu hizi. Watu walikuwa ni wale wale, mwaka ni ule ule, na waulizaji ni wale wale. Lakini hesabu zilitoka mbali mbali kwa kadiri ya kitu kilichoulizwa. Ikiwa katika kizazi kinachofuata watu watakuwa tayari kujiita kwa jina kila wanapousikia mvuto, basi hesabu ya majina kwa wanawake itapanda mara tano, ingawa nyoyo hazikubadilika hata kidogo. Kinyume chake, kizazi kinachoogopa jina kitaonekana kuwa na watu wachache sana, ingawa nyoyo zake ni zile zile. Kwa hiyo anayesema, “Wazee hawakuwa nayo haya,” amesema zaidi ya alichokiona shahidi. Shahidi ameona tu kwamba wazee hawakujiita.

Gharama ya kusema kweli

Kwa nini mtu asijiite kwa jina ambalo anajua linamhusu? Jawabu laonekana wazi katika historia ya watu hawa hawa wanaohesabiwa leo.

Katika mwaka 1952, huko Uingereza, alihukumiwa Alan Turing, mtaalamu wa hisabati ambaye katika Vita Kuu ya Pili alikuwa miongoni mwa waliofumbua maandishi ya siri ya Wajerumani. Alikuwa amekwenda kwa polisi kushitaki wizi uliofanyika nyumbani kwake, na katika kuulizwa akawaeleza kweli juu ya uhusiano wake na mwanamume. Kweli hiyo ndiyo iliyomtia hatiani. Akachagua kutiwa dawa za homoni badala ya kifungo, akanyimwa ruhusa ya kuendelea na kazi za siri za serikali, na mwaka 1954 akafariki. Katika mwaka 1953 Rais Eisenhower wa Marekani alitia sahihi amri ambayo kwayo watumishi wengi wa serikali walifukuzwa kazini kwa sababu ya jambo hili. Chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliendelea kulihesabu kuwa ugonjwa hadi Desemba 1973. Ni mwaka 2003 tu ndipo Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilipofuta sheria za majimbo zilizolifanya kuwa jinai, na mwaka 2015 ikahalalisha ndoa za namna hiyo nchi nzima.

Sasa tuwaweke watu wawili ubavuni pa historia hiyo. Aliyezaliwa Marekani mwaka 1940 alikuwa mtoto wa miaka 13 hivi amri ya Eisenhower ilipotoka. Alikuwa na miaka 33 madaktari walipoacha kuliita jambo hilo ugonjwa. Alikuwa na miaka 63 jinai ilipofutwa. Umri wake wote wa kuoa, kutafuta kazi, na kujenga jina mjini ulipita chini ya kivuli cha adhabu. Aliyezaliwa mwaka 2005 alikuwa na miaka kumi tu ndoa hizo zilipohalalishwa. Wawili hawa wanapopigiwa simu na kuulizwa swali moja, kwa hakika hawakuulizwa swali moja. Mmoja ameulizwa kama yu tayari kuifungua siri iliyomtisha miaka sitini. Mwingine ameulizwa habari za nafsi yake.

Iko dalili nyingine yenye nguvu zaidi, kwani inahusu watu wa umri mmoja. Katika mwaka 1995 vijana wa kiume wa Marekani wenye umri wa miaka 15 hadi 19 waliulizwa habari za matendo yao ya siri, na matokeo yakachapishwa mwaka 1998. Waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walijaza majibu katika karatasi. Wengine waliyasikia maswali katika masikio yao kutoka kwenye kompyuta, wakabonyeza majibu bila ya mtu yeyote kuona wala kusikia. Katika wale wa karatasi, waliokiri kutenda jambo hilo na mwanamume mwenzao walikuwa asilimia 1.5. Katika wale wa kompyuta walikuwa asilimia 5.5. Chombo tu kilibadilishwa, na hesabu ikazidi mara tatu na ushei. Basi ikiwa kuondoa macho ya muulizaji kunaleta tofauti kubwa kiasi hiki, kuondoa jela, kufukuzwa kazini na kutengwa na jamaa kutaleta tofauti gani?

Mfano wa mkono wa kushoto

Wengi wetu twawajua watoto waliozaliwa na nguvu katika mkono wa kushoto, wakakatazwa kwa kiboko au kwa maneno, hata wakazoea mkono wa kulia. Huko Marekani na Ulaya pia walimu wa zamani walilazimisha watoto kuandika kwa mkono wa kulia. Katika mwaka 1986 jarida la National Geographic lilipeleka maswali kwa wasomaji wake, na zaidi ya watu milioni moja wakajibu. Wataalamu wawili, Avery Gilbert na Charles Wysocki, waliyachunguza majibu hayo na kuyatangaza mwaka 1992. Ilionekana kwamba miongoni mwa waliozaliwa mwanzoni mwa karne ya ishirini, waandikao kwa mkono wa kushoto walikuwa wachache sana. Bali miongoni mwa waliozaliwa baada ya katikati ya karne hiyo, walizidi asilimia 10.

Je, mashoto waliongezeka duniani? Lililo karibu zaidi na akili ni kwamba fimbo ya mwalimu ndiyo iliyopungua. Na ilipokwisha kupungua, hesabu ilipanda, kisha ikatulia mahali pake.

Mfano huu unasaidia sana, lakini mwadilifu hapaswi kuupakia mzigo usiouweza. Mkono huonekana na kila mtu, na moyo hauonekani. Tena, mtu aandikaye kwa mkono wa kushoto hahitaji kulifahamu neno lolote ili awe hivyo. Lakini mtu hawezi kujiita kwa jina asilolijua. Na hesabu ya mkono ilikwisha kutulia, lakini hii tunayoizungumzia bado inapanda kutoka kizazi hadi kizazi.

Pingamizi mbili zenye uzito

Hapana budi sasa tuzisikilize pingamizi mbili, kwani hoja isiyokubali kupingwa haina thamani.

Pingamizi la kwanza ni hili: ikiwa sababu ni hofu peke yake, kwa nini wazee hawakujitokeza hofu ilipopungua? Waliozaliwa baina ya 1946 na 1964 walikuwa asilimia 2.7 katika hesabu ya Gallup ya mwaka 2012. Baada ya hapo ikaja hukumu ya mwaka 2015 na mabadiliko mengine mengi. Na mwaka 2024 walikuwa asilimia 3.0. Karibu hawakusogea.

Kwa sehemu jawabu ni kwamba maisha ya mtu si shati la kuvua jioni na kuvaa jingine asubuhi. Aliyeoa, akazaa, akawa mzee wa mtaa, hawezi kuamka siku moja na kujiita kwa jina ambalo miaka arobaini alilikimbia. Wala huenda hata yeye mwenyewe hajiamini tena kwamba linamhusu. Sehemu nyingine ni kwamba wengine wamekufa. Ugonjwa wa UKIMWI, uliotambuliwa mwaka 1981, ulikuwa umeua Wamarekani zaidi ya 300,000 kufikia mwisho wa mwaka 1995, na wengi wao walikuwa wanaume wa jamii hii hii. Wafu hawapokei simu. Lakini tuseme kweli: watu hao, japokuwa msiba wao ni mkubwa, ni wachache mbele ya kizazi cha makumi ya mamilioni, nao hawatoshi kuijaza nafasi iliyo baina ya asilimia 3 na asilimia 23.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Ongezeko hili halikuenea sawasawa. Katika vijana waliohesabiwa mwaka 2024, waliojitaja walikuwa karibu asilimia 31 ya wanawake na asilimia 12 tu ya wanaume. Na jina lililochukuliwa na wengi zaidi ni lile la kuvutwa na jinsia zote mbili. Hesabu hiyo ya wanawake imepita mbali hata ile asilimia 7.5 ya waliokiri mvuto mwaka 1992. Tena huko Uingereza, katika uchunguzi mkubwa unaofanywa kila baada ya miaka kumi hivi kwa watu wa umri wa miaka 16 hadi 44, wanawake waliosema wamepata kutenda jambo hilo na wanawake wenzao walikuwa asilimia 1.8 mwaka 1990–91, na asilimia 7.9 mwaka 2010–12. Ilhali kwa wanaume ongezeko lilikuwa dogo, kutoka asilimia 3.6 hadi 4.8. Hapa halihesabiwi jina, bali tendo. Asemaye kwamba hapana chochote kilichobadilika ila ulimi, itampasa aeleze jambo hili.

Kwa hiyo jibu la insafu ni kwamba mambo mawili yamechanganyika. Sehemu ya ongezeko ni siri iliyofunguka. Na sehemu nyingine ni kwamba maisha yenyewe yamebadilika, na majina yamepanuka hata yakawachukua watu ambao zamani wasingeyafikiria. Hata swali lenyewe lilibadilika: hapo mwanzo Gallup waliuliza kwa jumla, mtu ajibu ndiyo au siyo, tangu mwaka 2020 humtajia mtu makundi mbali mbali ili achague. Ama kipimo cha kila sehemu, hesabu hizi hazikitoi, na hapana ujanja wa kuzilazimisha zikitoe. Atakayetangaza ujuzi huo kwa sauti kubwa, mjue kwamba anatangaza matakwa yake.

Wingi si mizani ya haki

Sasa tulijie kosa kubwa zaidi, ambalo makundi yote mawili yameanguka ndani yake. Nalo ni kuitumia hesabu kama mizani ya wema na ubaya.

Wingi wa watendao jambo haulifanyi kuwa jema, wala uchache wao haulifanyi kuwa ovu. Kwa karne nyingi utumwa ulikubaliwa na watu karibu wote wa mataifa makubwa, nao ulikuwa dhuluma. Manabii wa Mwenyezi Mungu aghalabu walianza wakiwa na wafuasi wa kuhesabika kwa vidole, nao walikuwa juu ya haki. Kama haki ingalipimwa kwa hesabu, basi kila mwenye kundi kubwa angalikuwa ndiye mwenye kweli, na hapo pasingebaki haja ya dhamiri, wala ya sheria, wala ya wahyi.

Kwa sababu hiyo, anayesema kwamba jambo hili limekuwa halali kwa kuwa vijana wengi wanajitaja, hajaleta hoja, ameleta idadi. Na anayesema kwamba limekuwa ovu zaidi kwa kuwa limeongezeka, au kwamba ubaya wake unathibitika kwa uchache wa wazee waliojitaja, naye hajaleta hoja. Mwenye kuamini sheria itokayo kwa Mungu anaiamini hata angekuwa peke yake. Na hiyo ndiyo heshima ya imani yake. Basi kwa nini aikopee nguvu kutoka kwenye tarakimu za wapiga simu? Tarakimu zikipanda kesho, atafanya nini? Na yule asiyeamini sheria hiyo, akidai haki kwa ajili ya watu hawa, hana haja ya kuwa wao ni asilimia 23. Kama mtu ana haki ya kutopigwa wala kutukanwa, anayo hata akiwa mmoja katika milioni.

Kimya si usafi

Hata hivyo, liko jambo moja la maadili ambalo hesabu hizi zinatufundisha kweli kweli, nalo lawahusu zaidi wale wanaousifu wakati wa zamani.

Jamii inayoifanya kweli kuwa ghali hupata uongo kwa bei rahisi. Pale mtu anapojua kwamba neno moja litamnyang'anya kazi, wazazi na usalama wake, hatalitoa. Na jamii itahesabu kimya chake kuwa uchaji. Lakini uchaji ni tunda la hiari. Mtu aliyejizuia kwa kumcha Mungu ana thawabu yake; ama aliyefungwa mdomo kwa hofu ya jirani, huyo hajazuia nafsi yake, amezuia ulimi tu. Wawili hawa huonekana sawa katika daftari la mhesabuji, lakini hawako sawa hata kidogo.

Tena gharama ya kimya haikulipwa na wenye siri peke yao. Ililipwa pia na mke aliyeolewa ili awe pazia, akaishi miaka mingi akijiuliza ana kasoro gani. Ililipwa na watoto waliolelewa katika nyumba ambamo kulikuwa na mlango mmoja usiofunguliwa. Wakati wa zamani unapohesabiwa wema wake, nao hawa wahesabiwe.

Hata katika siku zetu kimya kingali kikubwa. Katika hesabu ya watu ya England na Wales ya mwaka 2021, swali hili liliulizwa kwa mara ya kwanza kwa wenye miaka 16 na zaidi, na mtu alikuwa na hiari ya kuliacha. Waliojitaja kwa majina hayo walikuwa asilimia 3.2, walioliacha bila ya jibu walikuwa asilimia 7.5. Waliokaa kimya walizidi mara mbili wale waliojitaja. Wengi wao yawezekana waliona tu kwamba serikali haina haki ya kuuliza. Lakini nani awezaye kuapa juu ya mmoja wao?

Wajibu wetu mbele ya siri za watu

Mafundisho ya Kiislamu katika mlango huu ni yenye hekima kubwa. Kurani Tukufu imekataza kupelelezana na kudhaniana vibaya, na imeweka sharti la mashahidi wanne kwa mwenye kumtuhumu mwanamke msitahifu, pamoja na adhabu kali juu ya mtuhumu asiyewaleta. Na ni mashuhuri kisa cha sahaba Usama bin Zaid, aliyemwua mtu vitani baada ya mtu huyo kutamka shahada. Usama alidai kwamba yule alitamka kwa kuogopa upanga tu. Mtume s.a.w. alisikitishwa sana, akamwuliza kama aliupasua moyo wa mtu yule hata akajua. Mafunzo yake ni wazi: ulimi ndio uliokabidhiwa wanadamu kuusikia, na moyo umebaki kwa Mwenye kuuumba. Asiyeweza kuupasua moyo wa mmoja, atawezaje kuipasua mioyo ya kizazi kizima kwa asilimia?

Mwenye nuru hiyo hawezi kumwangalia kijana kama tarakimu. Mzazi ambaye mwanawe amemjia na neno zito la nafsi yake, na ajue kwamba kwanza amepewa amana. Mtoto huyo angaliweza kunyamaza kama walivyonyamaza maelfu. Mzazi anaweza kuwa na imani yake thabiti na kuieleza kwa upole. Lakini akimfukuza au kumtangaza mitaani, hatakuwa ameubadilisha moyo wa mwanawe. Atakuwa amewafundisha watoto wengine wote wa nyumba hiyo kusema uongo.

Na kijana naye ana lake la kuzingatia. Jina ni chombo cha kujieleza; lisigeuke kuwa minyororo. Yale mtu anayoyasikia akiwa na miaka kumi na minane ni kweli ya siku hiyo, na yastahili kusikilizwa bila ya dhihaka. Lakini asiharakishwe na wenzake kujitia katika kundi, kama vile asivyopaswa kutishwa na wazee asiseme. Hofu huweza kumsukuma mtu mbali na jina, na mkumbo wa marika huweza kumsukuma kulielekea. Katika hali zote mbili, aliyesema siye yeye.

Mwisho, tutahadhari sisi wa Afrika ya Mashariki tusije tukazichukua hesabu za Marekani na kuzilinganisha na kimya cha kwetu. Katika Kenya kanuni ya adhabu inatoa kifungo cha hadi miaka 14 kwa tendo hili, na Mahakama Kuu iliithibitisha mwaka 2019. Katika Tanzania adhabu ni kifungo cha maisha, na kwa uchache miaka 30. Katika Uganda sheria ya mwaka 2023 imeweka kifungo cha maisha, na katika hali fulani hukumu ya kifo. Hata maneno ya Kiswahili yaliyozoeleka kwa watu hawa mengi ni ya matusi au ya mzaha. Na nani atajibu ndiyo kwa swali ambalo ndani yake mna tusi? Katika hali hiyo, mtu akisema, “Kwetu hawapo,” hana hesabu mkononi. Ana kimya tu. Awe na msimamo wowote juu ya sheria hizo, hana ruhusa ya kukiita kimya hicho ushahidi.

Basi shahidi wetu tumwache aende, tukiwa tumeyashika aliyoyaona wala si zaidi. Ameona kwamba wajukuu husema yale ambayo mababu hawakuyasema, na kwamba baadhi ya wajukuu huishi kwa namna ambayo mababu wengi hawakuishi. Hakuona nani mwema na nani mwovu. Swali hilo halijibiwi kwa simu. Kila kizazi kitalijibu mbele ya Mola wake kwa hoja na kwa matendo yake, na hapo babu na mjukuu watasimama kila mmoja peke yake. Mwenyezi Mungu atujaalie ndimi zisizosema zaidi ya tunayoyajua, na nyumba ambazo ndani yake mtoto haogopi kusema kweli.